Niliambiwa Nichome, Nikafungia Mandazi

Nilikosa. Na msinisaidie kusema ilikuwa bahati mbaya, kwa maana kijiji kizima kinasema hivyo, na kwa miaka miwili nimewaacha waseme.

Ninauza chai na mandazi mbele ya kituo cha majani ya chai, upande huu wa Silibwet, pale wakulima wanapopimiwa majani mabichi na kusubiri lori la kiwanda. Jina langu mliache. Kibanda changu ni mabati manne na benchi refu, na jiko la kuni ambalo halizimi kuanzia asubuhi hadi lori liondoke.

Lori huchelewa. Likichelewa, akina mama hukaa kwenye benchi langu, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa chai, wanakula, na wakimaliza kula wanasoma.

Ndiyo, wanasoma! Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, sisi wa vibanda tunafungia kwa karatasi yoyote tunayopata. Magazeti ya zamani, karatasi za mitihani, madaftari ya watoto. Mtu akimeza kipande cha mwisho, anakung'uta karatasi, anaitazama, halafu kelele zinaanza.

"Huyu amepata mbili kwa ishirini! Ni mtoto wa nani?"

"Wacha tusiulize, huenda ni wako."

"Mama Festo, soma hii, mimi macho yananisumbua."

Mama Festo ndiye msomaji wetu. Kanisani husoma matangazo, na sauti yake inafika mpaka kwenye mzani bila yeye kujikaza. Siku moja alisoma barua ya mwalimu mmoja wa kiume akimbembeleza mke wa mtu, na mimi nilicheka hadi mwiko ukaniponyoka ukaingia kwenye mafuta. Yule mwalimu aliomba uhamisho. Tulimcheka hata alipokuwa anapakia kitanda chake.

Kwa hivyo nilijua. Nilijua vizuri karatasi inayotoka mkononi mwangu huenda wapi.

Sasa niwaambie kuhusu wifi yangu. Nitamwita Chelangat.

Ni kitinda mimba wa nyumba niliyoolewa. Alisoma mpaka chuo cha ualimu, mimi niliachia kidato cha pili, mwaka ambao baba yangu aliugua. Alikuwa mrembo, tena mrembo wa kujua kwamba yeye ni mrembo. Na alikuwa na ulimi! Kila shule zikifungwa aliniletea madaftari yake ya zamani kibandani, anayatupa kwenye meza, anacheka.

"Chukua, wifi. Angalau vidole vyako vitafika form four."

Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilichana kurasa zile moja moja, mifupa ya chura, mishipa ya majani, maandishi yake yaliyolala upande mmoja kama nyasi iliyopigwa na upepo, nikafungia watu mandazi kwa elimu ambayo mimi sikuipata. Mtu anaweza kunyamaza miaka saba huku ndani yake kitu kinachachuka polepole, na yeye mwenyewe asijue kinangoja nini.

Alipokuwa mwaka wa pili chuoni aliletwa nyumbani katikati ya muhula. Tuliambiwa ni malaria iliyopanda kichwani. Akapelekwa hospitali, akakaa wiki tatu, akarudi akiwa mwembamba na mpole. Baadaye alinawiri, akamaliza chuo, akapata kazi katika shule ya kibinafsi karibu na mji. Malaria ile haikutajwa tena, na mimi sikuuliza.

Halafu akapata mchumba. Kibet, mwalimu kutoka Siongiroi, kijana mtulivu wa familia ya wafuga ng'ombe. Siku ya koito ikapangwa. Kwetu koito ndiyo siku ambayo wazee wa pande mbili huketi, wakahesabiana koo, wakaulizana yaliyo wazi na yaliyofichwa, ndipo ng'ombe watajwe. Kabla ya siku hiyo watu huchunguzana. Wanauliza majirani na jamaa, wanauliza hata muuza mandazi.

Kibet alikuwa na shangazi aliyeolewa huku kwetu. Alileta majani katika kituo kilekile, na alikuwa mteja wangu. Siku moja alinivuta kando.

"Wewe ni wa ndani ya boma. Niambie kama mama kwa mtoto wake. Huyo msichana ako sawa? Hakuna kifafa kwenu? Hakuna mambo ya kichwa?"

"Ako sawa kabisa," nikasema. Siku hiyo nilidhani ni ukweli.

Zikiwa zimebaki siku sita, mama mkwe alianza kusafisha nyumba. Hajui kusoma hata jina lake. Alitoa kila kitu stoo, magunia matupu, vibuyu vilivyopasuka, risiti za majani za tangu enzi za mzee, matangazo ya mazishi ya watu tuliokwisha kuwasahau, na madaftari ya Chelangat yaliyobaki. Akayajaza yote kwenye gunia moja, akaniita.

"Mtoto wangu, peleka hizi shimoni uchome. Usitupe tu. Karatasi ni mdomo. Ukae hapo mpaka zote ziwe majivu, halafu uvuruge kwa fimbo."

Chelangat hakuwepo, alikuwa anafundisha. Angekuwepo, gunia lile lisingetoka mlangoni.

Nililipeleka nyuma ya zizi. Lakini ilikuwa inakaribia saa nane, na mnaoijua nchi hii mnajua mvua ya saa nane. Nilipowasha kiberiti cha pili matone yakaanza. Karatasi zikatoa moshi, hazikushika. Nikasema, kwani nitanyeshewa kwa ajili ya takataka? Karatasi nzuri za kufungia hizi! Nikalibeba gunia mpaka kibandani.

Kosa la kwanza ni hilo. Lingekuwa la pekee ningelala. Uvivu, mvua, mtu anayependa vya bure. Mungu ana nafasi ya makosa kama hayo.

Kesho yake, kabla wateja hawajaja, nikawa ninang'oa pini na kuchana kurasa. Nikafika kwenye daftari moja la Bayolojia lililofunikwa kwa khaki, ile karatasi ya kahawia ya kuvalisha vitabu. Jalada la nyuma lilikuwa nene kupita kiasi. Nikapitisha kidole. Ukingo wa khaki ulikuwa umeshonwa kwenye jalada kwa uzi mweusi, mishono midogo, ya karibukaribu, ya mtu aliyekuwa na subira na hofu.

Nikauuma ule uzi. Nikauvuta kwa meno, mshono baada ya mshono.

Ndani kulikuwa na karatasi ya hospitali, imekunjwa mara mbili. Kidato cha pili kilinitosha. Jina lake, majina yote matatu. Wodi ya wagonjwa wa akili. Kwamba aliletwa na mama yake akikataa kula, akisema anaitwa na watu wasioonekana. Dawa. Tarehe ya kurudi kliniki.

Mnajua nilihisi nini? Nataka niseme huruma. Si kweli! Nilihisi joto, joto zuri la tumboni, kama mtu aliyekunywa chai baada ya kuchuma majani kwenye baridi. Nikasema moyoni, kumbe na wewe.

Nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Ilikaa humo siku mbili. Na sikilizeni, siku zote hizo mbili nilikuwa nimesimama mbele ya moto. Jiko liko hatua moja kutoka tumboni mwangu. Nilichochea kuni, nikaongeza kuni, nikapuliza makaa, na karatasi ile ikanigusa paja kila nilipoinama. Ningenyoosha mkono tu. Mkono tu!

Siku ya pili jioni wanawake wa boma tulikuwa jikoni tukigawana kazi za koito. Nani atapokea wageni, nani atamimina mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, nani atapeleka maji ya kunawa. Mimi ndiye mke wa kifungua mimba. Kupokea wageni ni haki yangu. Nikafungua mdomo, na Chelangat akanitangulia.

"Wifi akae kwa sufuria. Hao marafiki wa Kibet ni walimu watupu, wakianza Kizungu atawaambia nini? Mandazi ni shilingi tano?"

Jiko zima likacheka. Mama mkwe akasema, "Wewe Chelangat, wacha," lakini alisema akiwa anatabasamu. Chelangat akanipiga bega, "Ni mchezo, wifi, usikunje uso." Nami naamini ulikuwa mchezo. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha haangalii anamkanyaga nani.

Kesho yake shangazi wa Kibet akaja na majani yake, yakapimwa, akaketi kwenye benchi. Wanawake walikuwa saba au wanane. Mama Festo alikuwa katikati, kama kawaida.

"Nipatie nne," shangazi akasema. "Na chai isiwe ya maji."

Nikaopoa mandazi manne. Mezani kulikuwa na rundo la kurasa za chura na mishipa ya majani, hapo chini ya mkono wangu wa kushoto. Mkono wa kulia ukaingia kwenye aproni. Sitaki kusema kwamba shetani aliushika. Niliupeleka mwenyewe. Nikaikunjua ile karatasi, nikageuza maandishi yawe ndani, nikafungia mandazi manne vizuri kama mtu anayefunga zawadi, nikampa kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

Alikula polepole. Mimi nikawa ninasukuma unga, simwangalii, namwona. Mandazi moja. La pili akalivunja. Mafuta yakaanza kuingia kwenye karatasi na maandishi yakatokeza kwa nyuma. Akayamwaga mengine kwenye sahani, akaikung'uta karatasi.

"Haya, ya leo ni ya nani? Mama Festo, soma, miwani nimeacha nyumbani."

Mama Festo akaipokea akicheka tayari. Akaanza kwa ile sauti yake ya kanisani, akitafsiri Kiingereza kama anavyotafsiri matangazo. "Jina la mgonjwa," akasema, na wote wakaegemea mbele. Akalitaja. Majina yote matatu. "Wodi ya wagonjwa wa akili..."

Akaziba mdomo kwa mkono. Lakini alikuwa amekwisha kulisema neno lenyewe, na sauti yake, nimewaambia, hufika mpaka kwenye mzani. Karani wa kupima majani alikuwa ameinua kichwa.

Nilisikia mafuta yakichemka. Nilisikia mama mmoja akimeza.

Shangazi akaichukua ile karatasi kutoka mkononi mwa Mama Festo, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa sweta. Akainuka, akachukua kikapu chake kitupu. Mandazi mawili na nusu aliyaacha kwenye sahani.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. "Woi! Nimefanya nini! Ni gunia la kuchoma, mvua ilininyeshea, sikuangalia! Sikuangalia!" Nikajishika kichwa, nikaketi chini kwenye majivu. Nililia machozi ya kweli, mengi, na akina mama wakanizunguka wakinipigapiga mgongo. "Pole, mama. Si wewe. Ni mvua." Mama Festo mwenyewe alilia kunishinda, na hajasoma chochote kwenye benchi langu tangu siku hiyo.

Siku ya koito wakaja wazee wawili badala ya ishirini. Hawakuketi. Walisema, "Kuna mambo kidogo nyumbani. Tumeonelea tungoje." Hakuna aliyeuliza mambo gani. Mursik ilikuwa tayari kwenye vibuyu, imepakwa makaa, nzito na tamu. Tuliinywa wenyewe wiki nzima. Nami niliinywa. Ilikuwa nzuri!

Kibet alipiga simu mara moja. Chelangat alikuwa amesimama mlangoni na sote tulikuwa tunasikia. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, ni kweli." Akasikiliza kidogo. "Sawa." Akaiweka simu dirishani, akaenda kuanua nguo kabla ya mvua.

Kisha shule ikamwambia apumzike kidogo, wazazi wamekuwa na maswali. Alipumzika. Akaacha kusuka nywele. Akaacha kuja mezani. Akaanza kuitika mahali ambapo hakuna aliyemwita. Ugonjwa uliokuwa umelala miaka minne nikauamsha mimi, kwa mandazi manne. Walimrudisha wodini, na safari hiyo alikaa muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

Mama mkwe alinijia kibandani siku aliyompeleka. Nilidhani amejua. Akanishika mikono yote miwili, yenye unga, akasema:

"Ni mimi. Nilikutuma mvua ikiwa karibu. Mimi ndiye mjinga nisiyejua kilicho kwenye daftari la mtoto wangu. Wewe usijilaumu. Wewe ulifika form two tu, ungejuaje Kizungu cha daktari?"

Alinisamehe kwa kisu kilekile! Na mimi nikainamisha kichwa nikasema, "Asante, Mama."

Tangu hapo mama yule hapiti karatasi bila kuiokota. Lori likishaondoka anakuja na fimbo na kikapu, anaokota chini ya benchi langu, kwenye mtaro, kando ya barabara mpaka kwenye daraja. Karatasi za peremende, tiketi, vipande vya magazeti. Hajui kusoma, kwa hivyo kwake kila karatasi ni ile. Anazipeleka shimoni nyuma ya zizi, anachoma, na mvua ikinyesha anasimama palepale na mwavuli juu ya moto, si juu ya kichwa chake. Watoto wanamwita Mama Takataka. Wangu pia. Nimewachapa kwa hilo, kana kwamba mimi nina mkono safi wa kumchapa mtu.

Na biashara? Mtashangaa. Wiki ile watu walikuja kutoka hata mahali ambapo majani hayaji kwetu. Wananunua mandazi, wanageuza karatasi upande huu na ule.

Chelangat alirudi wakati wa baridi. Alikuwa amenenepa kwa dawa, anatembea kama anayebeba maji. Hakunisemesha, na sikutarajia. Hadi Alhamisi moja, kituo kimejaa, akaja akasimama mbele ya jiko langu. Benchi lote likageuka kumtazama.

"Nipe mbili," akasema.

Nikaopoa mawili, yanatoka kwenye mafuta, nikachukua karatasi. Siku hizi nanunua khaki mpya, safi, isiyo na neno.

"Karatasi sitaki. Niwekee mkononi."

"Yatakuchoma, wifi. Ngoja yapoe."

"Weka."

Nikaweka. Mafuta yalimchirizika kwenye kiganja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hakukunja vidole, wala uso. Akainama karibu, nikasikia harufu ya sabuni yake, na akasema taratibu, akina mama wasisikie:

"Ile karatasi niliishonea chini ya kava. Mtu akichana kurasa haioni. Ulitumia wembe ama meno?"

Nilikuwa nimeshika mwiko na nilikuwa naangalia ngozi ya kiganja chake ikibadilika rangi.

"Sitawaambia," akasema. "Mama alishapoteza mtoto mmoja, mimi. Akijua, atapoteza na wewe."

Akaondoka na mandazi yake mkononi. Hakuyala. Aliyatupia kuku wa jirani.

Huja kila Alhamisi. Mawili. Mkononi. Nimejaribu kumwekea yaliyopoa, anayarudisha. "Ya moto, wifi." Kiganja kimekuwa kigumu sasa, na akina mama wanasema, maskini, ni ugonjwa. Mume wangu amesema tumkataze. Mimi ndiye ninayesema mwacheni.

Nyinyi mnaosoma, nawasihi kwa magoti. Karatasi ya nyumba yako si takataka mpaka jina liishe. Usijaze gunia ukamkabidhi mtu. Keti, fungua daftari kwa daftari, pitisha kidole kwenye jalada. Palipo na jina, namba au ugonjwa, chana vipande vidogo, loweka kwenye ndoo mpaka viwe uji, vifukie kwenye samadi, migomba itakula. Ukichoma, choma asubuhi kabla ya mvua, na usiondoke mpaka uvuruge majivu. Usimwambie mtu mwingine akufanyie. Hasa anayecheka kila unapomcheka.

Na wewe uliyepewa gunia la wengine, ukakuta uzi mweusi, usiuguse. Moto uko hatua moja. Nyoosha mkono!

Najua hata ukurasa huu utafika kwenye mafuta ya mtu. Huenda ukafika kwenye benchi langu. Wifi, ukikutana nao, swali lako nimeshindwa kulijibu uso kwa uso Alhamisi zote hizi.

Yalikuwa meno.